Jina la Dada Kwenye Rejista

Wiki iliyopita nilipeleka cheti cha kuzaliwa cha binti yangu kikafunikwe kwa plastiki kwenye saiba moja ya kompyuta na fotokopi karibu na soko la Kitengela. Anaanza chekechea muhula ujao, na shule za siku hizi hazitaki karatasi iliyokunjwa. Kijana wa saiba akakiingiza kwenye mashine, mashine ikanguruma kidogo, na ile harufu ya plastiki inayopata moto ikanifikia. Nikashika kaunta kwa mikono miwili.

"Madam, uko sawa?" kijana akaniuliza.

Nikamwambia ni njaa, sijanywa chai. Haikuwa njaa. Niliogopa, mimi mtu mzima mwenye mume na mtoto, mchana kweupe, watu wakipita nje na mifuko yao ya nyanya. Nimekuwa mwoga tangu utotoni na sioni haya kulisema, ila siku hiyo niliona haya kidogo, kwa sababu nilichokiogopa kilikuwa karatasi.

Dada yangu alikuwa na cheti kama kile, kimefunikwa vivyo hivyo. Alizaliwa hospitalini Kajiado kwa sababu Yeyo, ndivyo tunavyomwita mama kwetu, alishikwa na uchungu siku mbili nzima na ikabidi apelekwe. Mimi nilizaliwa nyumbani, mikononi mwa nyanya yangu Koko, kwa urahisi ambao Koko alipenda kuusimulia kana kwamba kazi yote niliifanya mimi. Mtoto wa hospitali huandikwa siku hiyo hiyo. Mtoto wa nyumbani husubiri mpaka mtu akumbuke. Kwa hiyo dada alikuwa na karatasi, na mimi nilikuwa na shanga.

Wakati huo serikali ilikuwa inawasaka wasichana. Karo ilikuwa imefutwa, na machifu wakapita boma kwa boma wakiandika kila msichana aliyefikia umri wa kwenda shule. Dada aliandikwa. Baba yetu, Papa, alikubali papo hapo, na hilo nataka lijulikane, maana watu wakisikia Kajiado na wasichana huamua kwamba baba zetu wote ni wabaya. Yeyo alikwenda Kajiado kutafuta cheti, akatuchukua sote wawili, akakifunikisha plastiki kabla hatujarudi. Ndipo nilipoinusa harufu ile mara ya kwanza. Cheti kilitoka kwenye mashine kikiwa bado na joto, na dada akakiweka shavuni, akafumba macho.

Hakwenda shule. Masika ya mwaka huo kifua kilimbana. Tulikaa huko nyuma ya Kitengela, kabla nyumba za mawe hazijatufikia, na njia ilikuwa matope matupu, hakuna gari lililoweza kuingia. Alikohoa siku tatu, mwishoni akakohoa na damu kidogo kwenye pembe ya shuka, kisha akanyamaza. Alikuwa na miaka saba, mimi mitano. Kikohozi chake nakikumbuka kuliko sura yake.

Kuanzia siku hiyo jina lake lilikoma. Kwetu mtu akifa, jina lake halitamkwi tena nyumbani, na akiwa mtoto ndiyo kabisa. Ukilitaja, unamwita mwenyewe. Wanawake wa boma walikuwa wakimwita Yeyo kwa jina la mtoto wake wa kwanza, Mama fulani, kama ilivyo desturi. Siku iliyofuata walikuja kuchukua moto wakamwita Mama Naserian, kwa jina langu mimi, na hakuna aliyekuwa amewaambia wafanye hivyo. Hata hapa sitaliandika jina lile. Msomaji anisamehe. Shule ilinitoa mambo mengi, hili haikunitoa.

Mvua ilipokwisha, naibu wa chifu alikuja bomani pamoja na mwalimu mmoja wa kike, asubuhi, mbuzi wakiwa bado hawajatoka. Alikuwa mpya, mtu wa upande wa Ngong, na hakutujua. Sisi watoto tuliinamisha vichwa ili atuguse, kama mtoto anavyomwamkia mkubwa kwetu, akatugusa harakaharaka, kisha akafungua karatasi zake na kusoma jina la dada. Alilisoma kwa sauti, katikati ya boma, jua likiwaka.

Koko alikuwa akisafisha kibuyu cha maziwa kwa kijiti cha moto, na mkono wake ukasimama ndani ya kibuyu.

"Ako wapi?" naibu akauliza. "Mama, huyu msichana ameandikwa. Shule imefunguliwa wiki mbili sasa. Serikali imelipa kila kitu, hakuna stori."

Yeyo alifungua mdomo. Mtu mwingine angejibu kwa neno moja tu. Lakini kumjibu kwamba huyo unayemtaja amekufa ni sawa na kumtaja pamoja naye, na Yeyo hangeweza kufanya hivyo mbele ya mlango alimotolewa mtoto wake. Papa angemvuta mgeni kando akamnong'oneza, kama wanaume wanavyofanya, ila Papa alikuwa na ng'ombe upande wa Namanga. Yule naibu akalisoma jina mara ya pili, kwa sauti ya juu zaidi, akidhani hatujasikia. Yeyo akanishika bega, akanisukuma mbele.

"Huyu hapa," akasema.

Mwalimu akanitazama kutoka juu hadi chini. "Saba? Mbona ni kadogo hivi?"

"Anakua polepole," Yeyo akasema, akaingia ndani kuleta cheti.

Leo naelewa kwamba hakuwa na hila yoyote. Alitaka tu yule mtu aache kulisoma lile jina. Lakini mimi wa miaka mitano nilielewa kitu kingine kabisa. Nilielewa kwamba serikali imekuja na karatasi kumchukua dada, imekuta hayupo, na nimetolewa mimi badala yake. Nilijikojolea nikiwa nimesimama. Mwalimu akacheka kwa upole, akasema wote huanza hivyo.

Mwalimu huyo aliitwa Mwalimu Wambui. Wazazi wake walitoka Murang'a wakanunua shamba Kitengela, naye alikuwa na sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Kila asubuhi alifungua rejista na kuita majina, na kila asubuhi, kati ya mtoto mmoja na mwingine, alimwita marehemu. Wiki nzima sikuitika. Mwalimu alidhani nina shida ya masikio, akanisimamisha mbele ya darasa na kupiga makofi nyuma ya kichwa changu, mara upande huu, mara ule. Niliruka kila mara. "Unasikia vizuri sana," akasema. "Sasa ukiitwa, itika."

Nikaanza kuitika. Nilikuwa nimeona jinsi Koko anavyomtemea mtu mate kidogo ili asidhurike, basi kila nilipomaliza kusema nipo, nilivuta shingo ya sweta na kujitemea kifuani. Sweta yangu ilikuwa na alama nyeupe hapo miaka mingi, na Yeyo alidhani ni uji.

Nyumbani nilikuwa Naserian, shuleni nilikuwa yeye. Nilikuwa na miaka mitano, nikaandikwa saba, na kila mwaka ulioongezwa kwenye rejista ulikuwa mwaka wa dada. Nilijifunza kusoma haraka, nasema hivyo bila kujisifu, kwa sababu nilitaka kujua ni wapi kwingine wameandika jina lile. Lilikuwa kwenye kabati, kwenye madaftari, kwenye kadi ya dawa za minyoo. Niliogopa likiitwa, na niliogopa zaidi siku litakapoacha kuitwa, maana niliamini hapo ndipo polisi watakapokuja kumchukua Yeyo kwa kuwadanganya. Sikuwa na mtu wa kumwuliza ni hofu ipi kati ya hizo mbili inayonihusu zaidi.

Nikiwa darasa la tatu, Halima alikuja kwetu. Alikuwa jirani yangu wa dawati, na baba yake, Msomali mwenye duka la nguo pale mjini, alinunua pia mbuzi huko kwetu. Jumamosi hiyo alimleta kwenye pikapu yake. Baba yake akabaki zizini na wazee, Halima akaja hadi mbele ya nyumba yetu na kuita kwa furaha jina pekee alilonijua kwalo. Aliita mara tatu.

Koko alikuwa kivulini akitunga shanga. Alisimama, na shanga zote zikamwagika kutoka mapajani. Huyu ni mwanamke aliyewahi kumfukuza fisi kwa ndala.

"Nani huyo?" akaniuliza kwa Kimaasai.

"Ni rafiki yangu wa shule, Koko."

"Anamwita nani?"

Koko alimtazama Halima, akanitazama mimi, akatazama sweta yangu ya shule iliyokuwa imeanikwa uani, na nikaona jambo lenyewe linamwingia. Akaenda ndani, akarudi na maziwa, akayanyunyiza mlangoni, kisha akanitemea kichwani na kifuani mara nne. Alimtemea na Halima, akimwombea heri, na Halima akapiga mayowe hadi baba yake akaja mbio. Tumekuwa marafiki mpaka leo lakini hilo hajanisamehe.

Walipoondoka, Koko alinikalisha mbele yake. "Wanamwita kila siku?"

"Kila asubuhi."

"Na wewe unaitika."

"Ndiyo, Koko."

"Basi mnamwita," akasema. "Nakerai, mtoto wangu, siku moja atakuja kuona ni nani anayemwitikia." Aliyasema bila hasira, akiokota shanga moja moja, na ndiyo maana nilimwamini kabisa. Yeyo alipotoka kisimani Koko alimweleza yote, na nikangoja wagombane. Yeyo alitua mtungi akasema, "Shule ni ya serikali." Nikachukulia kwamba tumefungwa, hatuna ruhusa ya kukataa.

Kuanzia hapo nilimngojea. Nilikaa darasani nikitazama mlango. Nilichagua kukaa mwisho wa dawati ili akija apate nafasi, nikawaza kwamba pengine akinikuta nimemwachia nafasi hatanidhuru. Halima aliniuliza mbona ninakaa nusu makalio hewani. Nikamwambia nina jipu.

Kuna siku ya wazazi ninayoikumbuka kwa sababu ya Yeyo. Hakujua kusoma, lakini hakukosa siku hata moja ya wazazi, akiwa amevaa leso mpya na shanga zake za sherehe. Mwalimu Wambui aliwaita wazazi kwa majina ya watoto, na alipofika kwetu akaita, "Mama fulani," yaani mama wa dada, mbele ya watu wote. Yeyo akasimama. Macho yake yalikuwa na machozi alipopokea ripoti yangu. Nilijua ni woga. Nilidhani amegundua kwamba siku yetu ya kukamatwa imefika, nikamshika leso tukiondoka na kumharakisha getini. Alikataa kuharakishwa. Alisimama na kila mzazi, akisalimiana kwa muda mrefu, ripoti ikiwa imefunguliwa mkononi.

Ripoti zote alizitia kwenye sanduku lake la bati pamoja na cheti. Wakati mwingine nilimkuta ameinama juu yake, akipitisha kidole kwenye mstari ule wa kwanza wa ripoti, ule wa jina. Nilidhani anatafuta kosa letu lilipo.

Nilipofika darasa la tano, lori la serikali lilileta maboksi ya visodo kwa ajili ya wasichana wa miaka kumi na miwili kwenda juu, ili wasikose shule siku zao. Sasa hivi nasema visodo kwa urahisi. Wakati huo sikujua ni kitu gani. Somo la matumizi yake wasichana wakubwa walikuwa wamepewa wiki iliyotangulia, na mimi nilikuwa nimetumwa kuchota maji kwa kuwa nilionekana mdogo. Lakini siku ya kugawa, mwalimu alisoma majina kwa miaka iliyo kwenye rejista. Halima hakuitwa, ingawa alikuwa ameniacha kwa kichwa kizima. Nikaitwa mimi mwenye miaka kumi.

"Weka vizuri," Mwalimu Wambui akasema akinipa pakiti. "Hiyo itakuja siku yoyote. Ukiona damu, usishtuke."

Nilirudi kwenye dawati na pakiti nimeificha ndani ya sweta. Damu niliyoijua ilikuwa moja, ile ya pembe ya shuka. Kwa hiyo serikali ilikuwa inajua. Ilikuwa na orodha, ilijua dada alikufa kwa kukohoa damu, ilijua na mimi zamu yangu inakuja, na imeniletea pamba ya kufutia. Wiki nzima nilikataa kukohoa. Vumbi la Kitengela mnalijua, na mimi nilimeza kikohozi hadi macho yakatoka machozi. Kila nilipotema mate niliangalia rangi.

Siku ya nane nilishindwa, nikampa Yeyo ile pakiti nikilia. Hakuniuliza ninalilia nini, akauliza, "Wamempa nani?"

"Wameita jina lake."

Aliichukua kwa mikono miwili, akafungua sanduku la bati, akaiweka ndani pamoja na ripoti na cheti. "Miaka imekwenda," akasema, akakaa pale chini muda mrefu akilitazama sanduku. Nikajua anahesabu miaka iliyonibakia. Ni Halima aliyekuja kuniambia ukweli wa ile pamba, kwa maandazi mawili, baada ya kucheka hadi akakaa chini. Ana dada wanne wakubwa, hakuna alichokuwa hajui. Hofu ya damu ikaniondoka. Ile nyingine ikabaki, na sasa ilikuwa imekua, kwa sababu nilikuwa nakaribia darasa la nane.

Siku ya kusajiliwa kwa mtihani wa mwisho, Mwalimu Wambui aligawa fomu na kusimama mbele yetu kwa sura ya mazishi. "Sikizeni," akasema. "Hii jina utaandika hapa ndiyo utakufa nayo. Form one ni hii, kitambulisho ni hii, kazi ni hii. Ukikosea, usikuje kulia kwangu."

Wenzangu wakaandika. Mimi nilishika kalamu mpaka vidole vikaniuma. Nilikuwa nimejua siku zote kwamba itafika mahali nitaulizwa kwa maandishi kama mimi ni yeye, na kwamba nikikubali nitakuwa nimekwisha. Nisipokubali, sina cheti, sina mtihani, sina shule, ni mbuzi na fimbo. Kengele ikalia, fomu yangu ikiwa nyeupe. Mwalimu akaniita ofisini.

"Wewe ndiyo namba mbili darasani na huwezi kuandika jina yako?"

"Mwalimu, huyo si mimi."

"Ni nani sasa?"

"Ni dada yangu. Alikufa."

Nilingoja apige simu kwa polisi. Alivua miwani, akaiweka mezani, akaketi. Nikamweleza yote, kuanzia orodha ya naibu wa chifu, na sauti yangu ilikuwa ndogo kiasi kwamba ilibidi aniambie nirudie.

"Miaka minane," akasema mwishowe. "Miaka minane naita mtoto ya wenyewe kila asubuhi, na amelala mchangani. Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani serikali inajua."

Alinitazama sana. Kisha akavaa miwani na kurudi kuwa mwalimu. Akasema mfumo wa kusajili unafungwa Ijumaa. Akasema nikifanya mtihani kwa jina lile, hata nikipita ni yeye amepita, na msaada wa serikali wa sekondari ni wake, mimi sitakuwa na kitu. Kulikuwa na njia moja tu: mama aende kwa naibu wa chifu apate barua mbili, moja ya kuzaliwa kwangu na moja ya kifo cha dada, azipeleke ofisi ya usajili Kajiado, na karatasi zirudi kwa mwalimu kabla ya Ijumaa.

Nilidhani Yeyo atafurahi kama mimi. Nilimkuta akikamua, nikamweleza nikiwa nimechutama upande wa pili wa ng'ombe. Aliendelea kukamua.

"Andika tu lile," akasema. "Si umeshalizoea?"

"Sijalizoea, Yeyo. Kila asubuhi naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Yeye."

Mikono yake ikaacha kukamua. Alinitazama juu ya mgongo wa ng'ombe kama mtu aliyetukanwa na mtoto wake mwenyewe. "Dada yako hawezi kukudhuru," akasema. Sikuwa nimewahi kumsikia akisema kwamba nina dada.

"Basi nipe jina langu," nikasema. Nilikuwa nalia na sikujali. "Ukilikataa naacha shule, sitaliandika lake. Sitaki kufa kabla sijafa."

Koko alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi, sijui tangu lini. "Mpe mtoto," akasema. Asubuhi iliyofuata Yeyo alikuwa amevaa leso mpya na kulishika sanduku la bati.

Ofisi ya Kajiado ilikuwa na mabenchi marefu na dirisha dogo, na karani alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya uchovu. Alisoma barua za naibu wa chifu, akachukua fomu mbili, akaanza na ya kifo.

"Jina la marehemu?"

Yeyo akalivuta sanduku mapajani. Nilidhani Kiswahili kimempita, nikafungua mdomo nilitaje mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeliitikia miaka yote hiyo na ulimi wangu ulilijua. Yeyo akaniziba mdomo kwa kiganja. Kisha akalitaja mwenyewe. Alilitaja lote, na jina la Papa, na la babu, polepole, kwa sauti ya kumwita mtoto aliye karibu. Nilishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili nikauangalia mlango. Aliyeingia alikuwa mzee mmoja akiuliza foleni ya vitambulisho iko wapi.

"Alikufa lini?"

"Wakati ya mvua ile kubwa."

"Mama, siwezi kuandika mvua."

Nikamtajia mwezi, nilikuwa naujua. Karani akaandika, akagonga muhuri, akavuta fomu ya pili na kuuliza mimi ni nani. "Naserian," Yeyo akasema, na nikaiona kalamu ikiliandika, herufi moja baada ya nyingine, bila kukosea. Mwili wangu wote ukawa mwepesi. Nilitaka kucheka pale pale. Woga niliokuwa nao tangu nikiwa na miaka mitano uliniacha, na kwa kweli sijawahi kuwa na furaha kama ile, hata siku ya harusi yangu.

Karani alitukabidhi karatasi, akasema tumpelekee mwalimu, naye atatoa lile jina shuleni na kuweka langu.

"Atatolewa?" Yeyo akauliza.

"Ndiyo, mama. Mtu amekufa hawezi kuwa shuleni."

Yeyo aliitazama karatasi ya dada iliyokuwa mapajani mwake. "Alikuwa darasa ya nane," akasema. "Alibaki mtihani peke yake."

Karani alidhani mama hajaelewa, akaanza kumweleza tena kwa upole. Yeyo alikuwa ameelewa. Ni mimi niliyekuwa sijaelewa, miaka yote minane, na nilisimama pale na jina langu mkononi huku mama yangu akimlilia mtoto wake kwa sauti, mbele ya watu wote wa foleni, akimwita.